Fulana ya Maneno Mawili

Wazee wa Kagera waliujua UKIMWI kwa jina la kitambaa kabla ya kuujua kwa jina la kitabibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na kitambaa cha mtindo kilichoingia kwa magendo kutoka Uganda, kikiitwa Juliana. Watu walipoanza kukonda na kufa katika vijiji vya mpakani, maradhi yale yasiyoeleweka yakapewa jina hilohilo: fulani ana Juliana. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mkoani humo, na kufikia 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa umeripoti wagonjwa. Jina lile likafifia, tukapata mengine: miwaya, ngoma, mdudu. Lakini la kwanza halijanitoka kichwani. Mwanamke alivaa nguo nzuri, na nguo ikageuka shahidi dhidi yake.

Kisa ninachotaka kukichambua kimetoka mbali na Kagera, huko Afrika Kusini, nacho pia kinahusu nguo na virusi. Safari hii nguo ilivaliwa makusudi ili iseme. Ilikuwa fulana nyeupe ya pamba yenye maandishi makubwa ya zambarau kifuani, maneno mawili ya Kiingereza: HIV POSITIVE. Yaani, nina VVU. Walioivaa kwa wingi walikuwa wanawake weusi wa vitongoji maskini vya Cape Town, Durban na Johannesburg, na nadhani hakuna vazi la kizazi hiki lililofanya kazi kubwa zaidi kuhusu UKIMWI barani Afrika. Nadhani pia tumelisifu bila kuuliza lilimgharimu nani.

Chanzo chake kimepakana na kifo. Gugu Dlamini alikuwa mkazi wa KwaMashu, kitongoji cha Waafrika nje ya Durban. Alikuwa na miaka 36, mama wa binti mmoja, akijitolea katika chama cha watu wanaoishi na VVU. Tarehe 1 Disemba 1998, Siku ya UKIMWI Duniani, alisema kwa Kizulu, redioni, kwamba anaishi na virusi. Mwezi ule haukuisha. Kundi la watu wa mtaani kwake lilimvamia na kumpiga, akafa kwa majeraha. Waliompiga walidai amewaaibisha.

Neno hilo, kuaibisha, linataka kutazamwa. Virusi havikuwa siri pale. Takwimu za kliniki za wajawazito Afrika Kusini zilionyesha maambukizi chini ya asilimia 1 mwaka 1990. Mwaka 1998 yalikuwa yamepita asilimia 22. Kila ukoo ulikuwa umezika. Kosa la Gugu lilikuwa kukitaja kwa mdomo kitu ambacho kila mtu alikuwa akikizika kimyakimya kwa jina la kifua kikuu au homa ya mapafu. Tena aliyetaja alikuwa mwanamke. Sisi wa huku tunaijua hesabu hii vizuri: mwanamke ndiye anayekwenda kliniki akiwa na mimba, kwa hiyo ndiye anayepimwa kwanza, ndiye anayerudi na jibu nyumbani, na aliyeleta jibu ndiye anayeambiwa ameleta ugonjwa.

Siku zilezile, tarehe 10 Disemba 1998, watu wachache walikusanyika katika kanisa kuu la St George's mjini Cape Town na kuanzisha kundi la kudai matibabu, Treatment Action Campaign, linalojulikana zaidi kwa kifupi TAC. Zackie Achmat, aliyekuwa akiishi na VVU yeye mwenyewe, ndiye aliyejulikana zaidi kati yao. Dai lao la kwanza lilikuwa dawa ya AZT kwa wajawazito, ili mama asimwambukize mtoto. Habari za KwaMashu ziliwakuta ndiyo kwanza wanaanza, na fulana ikawa jibu lao.

Wazo walilitoa kwenye hadithi inayosimuliwa Ulaya kuhusu mfalme wa Denmark. Inasemekana jeshi la Hitler lilipotaka Wayahudi wa nchi hiyo washone nyota ya njano kwenye nguo zao ili watambulike, mfalme naye aliivaa, na raia wakamfuata, ikawa haiwezekani tena kumtenga Myahudi. Kihistoria haikutokea hivyo. Wayahudi wa Denmark hawakuwahi kulazimishwa kuvaa nyota ile. Haidhuru. Mantiki yake ndiyo waliyoihitaji. Ikiwa mwenye virusi atauawa kwa sababu amejitokeza peke yake, basi tujitokeze sote kwa alama moja, wenye virusi na wasio navyo, na anayetaka kupiga aanze kwa kuchagua.

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapoweza kuiona fulana hii kwa jicho ambalo wengine hawana. Tumekulia katika utamaduni ambao nguo ina mdomo. Kanga bila jina ni kitambaa tu. Mke mwenza akipita na “Hasidi hana sababu” mgongoni, mtaa mzima unajua aliyeambiwa ni nani, na akiulizwa atajibu, “Mimi nimejifunga kanga, wewe umesikia nini?” Hiyo ndiyo nguvu ya kanga: inasema na kumlinda msemaji papo hapo. Imemficha ndani ya fumbo.

Fulana ya TAC haikuwa na fumbo hata chembe. Maneno yalisomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Mara ya kwanza nilipoiona pichani nilishtuka, nikafikiri hii ni nguo ya kumweka mtu uchi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nayo ilikuwa na maficho yake, ila yalikuwa mahali pengine. Daktari aliivaa, muuguzi aliivaa, mwanafunzi wa chuo aliivaa, bibi aliyepoteza watoto watatu aliivaa, binti aliyepimwa jana aliivaa. Ukiwatazama katika maandamano huwezi kujua nani ni nani. Kanga humficha msemaji ndani ya fumbo; fulana ile ilimficha ndani ya umati. Na kama umati haupo, maficho hayapo. Nitalirudia jambo hili kwa sababu ndipo kisa kizima kilipokatika.

Jambo la pili ni la kazi zaidi. Nguo yenye maneno kama hayo huvuta maswali, na anayevaa hana budi kuwa na majibu. TAC ililijua hili. Iliwafundisha wanachama wake, wengi wao wanawake ambao hawakumaliza shule, jinsi virusi vinavyoshambulia chembe za kinga, CD4 ni nini, dawa gani inazuia hatua ipi, madhara yake, na kwa nini hairuhusiwi kuruka dozi. Mtu aliposogea kwenye kituo cha daladala za kule na kuuliza, “Dada, ni kweli?”, alipata somo la dakika kumi kutoka kwa mtu anayezungumza Kixhosa cha nyumbani. Mabango ya enzi zile, huku kwetu hata kule, yalichora mafuvu na majeneza. Yalitisha, na mtu aliyetishwa hufunga macho. Fulana ilimleta mtu mzima mwenye afya, anayecheka, anayebeba mtoto, ambaye huenda ana virusi na huenda hana.

Somo hilo lilikuwa na mahali pa kuelekea. Khayelitsha ni mji mkubwa wa mabati na mchanga pembezoni mwa Cape Town. Jina lake kwa Kixhosa maana yake ni maskani mapya. Mwaka 2000 madaktari wa MSF, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, walifungua kliniki za VVU pale, na Mei 2001 wakaanza kutoa dawa za kufubaza virusi. Wakubwa wa dunia walikuwa wakisema Waafrika hawataweza kuzimeza kwa wakati. Watu wazima 287 wa kwanza walioanzishiwa dawa hizo Khayelitsha walifuatiliwa, wengi wao wanawake, wengi wakiwa wamefika hoi. Baada ya miezi 24, asilimia 86 walikuwa hai. Bei nayo ilikuwa inaanguka: matibabu ya mwaka mmoja yaliyokuwa yakigharimu zaidi ya dola 10,000 yalishuka hadi dola 350 pale kampuni ya Cipla ya India ilipotangaza bei yake Februari 2001. Kwa hiyo mwanamke aliyevaa fulana alikuwa anaweza kukuonyesha kwa kidole ilipo kliniki. Bila kidole hicho, sioni fulana ingefanya nini zaidi ya kuhuzunisha.

Kikwazo kilikuwa serikali yenyewe. Rais Thabo Mbeki alitilia shaka kwamba VVU ndivyo vinavyoleta UKIMWI, na waziri wake wa afya, Manto Tshabalala-Msimang, alisifia kitunguu saumu, bitiruti na limau. Dawa ya nevirapine, kidonge kimoja kwa mama wakati wa uchungu na matone kwa mtoto, ilizuiwa isitolewe isipokuwa katika vituo 18 vya majaribio, viwili kila mkoa. Mama aliyejifungulia nje ya vituo hivyo alitazamwa tu. TAC ikaenda mahakamani. Tarehe 5 Julai 2002 Mahakama ya Katiba iliamuru serikali iondoe zuio hilo. Katika miezi ile ya kesi, wanawake wenye fulana walijaa nje ya mahakama wakiimba. Kesi hiyo ilikuwa yao kwa kila hali. Mimba zilikuwa zao, na watoto walikuwa wao. Utafiti wa Harvard wa mwaka 2008 ulikadiria kwamba ukaidi wa serikali katika miaka ya 2000 hadi 2005 uligharimu maisha ya zaidi ya watu 330,000.

Disemba 2002, Nelson Mandela alitembelea kliniki ya Khayelitsha. Akapewa fulana, akaivaa. Picha ile ilizunguka dunia. Mzee aliyepigania uhuru, na kifuani maneno yaleyale ambayo Gugu Dlamini aliuawa kwa kuyasema miaka minne kabla. Sitaki kuidharau picha hiyo. Mandela mwenyewe alikiri baadaye kwamba alipokuwa rais hakufanya vya kutosha kuhusu UKIMWI, na Januari 2005 mwanawe Makgatho alipofariki, aliwaita waandishi akataja ugonjwa kwa jina lake. Alijua uzito wa kutaja. Agosti 2003 baraza la mawaziri likaagiza mpango wa dawa kwa umma, na mwaka 2004 zikaanza kutolewa katika hospitali za serikali. Leo mpango wa Afrika Kusini ndio mkubwa kuliko yote duniani, wenye watu zaidi ya milioni 5 kwenye dawa.

Lakini angalia tofauti ya miili miwili ndani ya nguo moja. Mandela aliivaa akiwa na walinzi, kamera na jina. Hakuna aliyedhani ana virusi, na hata angekuwa navyo hakuna ambaye angemnyooshea mkono. Mwanamke wa Khayelitsha alivaa fulana hiyohiyo, akaandamana nayo mchana katikati ya maelfu, halafu jioni akapanda gari moshi kurudi nyumbani. Umati ulibaki mjini. Pale kwenye foleni ya maji, kwenye kibanda cha jirani, mbele ya mwanamume ambaye ndiye anayelipa kodi ya chumba, alikuwa amevaa maneno mawili akiwa peke yake.

Lorna Mlofana alikuwa miongoni mwa waalimu hao wa TAC, kazi yake kuwaelimisha wenzake wa Khayelitsha kuhusu dawa. Alikuwa na miaka 21. Disemba 2003, katika choo cha kilabu kimoja cha pombe, alibakwa na kundi la wanaume. Alipowaambia kwamba ana VVU, walimpiga hadi kufa. Miaka mitano kamili tangu KwaMashu. Wenzake hawakuiacha kesi. Walijaza mahakama kila ilipotajwa, wakiwa na fulana zao, miezi kwa miezi, na mwaka 2006 mtu mmoja akahukumiwa kifungo cha maisha.

Kifo hiki hakiwezi kuwekwa kwenye hesabu ya fulana kana kwamba nguo ndiyo iliyoua. Wabakaji waliua. Hata hivyo kinaonyesha kilichokosekana. TAC ilikuwa imejenga umati wa mchana, wa barabarani, wa kuidai serikali dawa. Umati wa usiku, wa kumlinda mwanamke mmoja katika uchochoro mmoja, ulichelewa. Harakati yenyewe ilikuja kulikiri hilo kwa vitendo: baada ya vifo vya wanachama wake wanawake, ilianza kuufanya ukatili wa kijinsia kuwa sehemu ya kazi yake Khayelitsha. Na uongozi nao ukabadilika sura. Vuyiseka Dubula, aliyejiunga na TAC baada ya kupimwa mwaka 2001 akiwa binti wa miaka ishirini na ushei, alikuja kuwa katibu mkuu wake. Wanawake waliokuwa wakijaza safu za maandamano walianza kushika kipaza sauti.

Naandika haya nikifikiria fulana tunazozijua wenyewe. Kila tarehe 1 Disemba zinagawiwa pamoja na kofia, zina utepe mwekundu na nembo nne tano za wafadhili mgongoni. Tunapiga picha. Wiki ya pili unaiona shambani, ya tatu imekuwa tambara la kudekia. Sina ugomvi na anayelimia fulana. Nguo ni nguo. Ninachouliza ni kwa nini hazivuti swali hata moja. Jibu langu ni kwamba hazimgharimu wala kumdai mtu chochote. Ujumbe wake ni wa kila mtu kwa kila mtu, “Tupambane na UKIMWI”, na hauna dai kwa yeyote. Fulana ya TAC ilimdai waziri dawa, ikamdai jirani heshima, na ikamdai anayeivaa elimu. Ukinakili kitambaa ukaacha madai, umenakili rangi tu.

Yapo pia makosa ya upande wa pili, nayo nayaogopa zaidi: kumsukuma mwanamke ajiweke wazi kwa sababu kampeni inahitaji uso. Kujitangaza ni mali ya mtu. Katika fulana ile uzuri wake ulikuwa kwamba hukulazimika kujitangaza ili uivae. Ungeweza kukaa nayo miaka kumi na hakuna ambaye angejua. Waandaaji wanaomtafuta “mwathirika mmoja wa kutoa ushuhuda” jukwaani wamegeuza kitu chote juu chini. Wamemtoa ndani ya umati na kumrudisha mahali aliposimama Gugu.

Kuna tukio moja ambalo bila hilo kisa hiki kwangu hakijatimia, na ndani yake kanga yetu imo. Mwaka 2006 Jacob Zuma, aliyewahi kuwa makamu wa rais na kuongoza baraza la taifa la UKIMWI, alisimama kizimbani kwa kesi ya ubakaji. Mlalamikaji, ambaye umma ulimjua kwa jina la Khwezi, alikuwa mwanaharakati aliyekuwa akiishi na VVU bila kuficha. Usiku ule alikuwa amejifunga kanga. Zuma alisema waliridhiana. Mavazi ya Khwezi, kanga ikiwemo, yalitajwa mahakamani kama ishara ya kutaka. Zuma alieleza kwamba alijua Khwezi ana virusi, kwamba yeye hakutumia kondomu, na kwamba alioga baadaye ili kupunguza hatari. Tarehe 8 Mei 2006 aliachiwa huru. Nje ya mahakama wafuasi wake walivaa fulana pia, zilizoandikwa kwamba mtu wao ni Mzulu asilimia mia, na picha ya Khwezi ilichomwa moto. Wanawake waliokuja kumuunga mkono walijifunga kanga.

Niliposoma habari hizo nilikaa kimya muda mrefu. Kanga, ambayo mama zetu hulalia, hubebea mtoto, hujifunika msibani, vazi la mwanamke aliye nyumbani kwake na asiyetaka kusumbuliwa, ilikuwa imesomwa kama mwaliko. Ni Juliana tena. Nguo iko mwilini mwa mwanamke, na maana yake iko mdomoni mwa mtu mwingine.

Khwezi alilazimika kuihama nchi yake. Akiwa Uholanzi aliandika shairi ambamo kanga yenyewe ndiyo inayosema, ikijieleza ni nani na huwavika akina nani. Tarehe 6 Agosti 2016, Zuma, sasa akiwa rais, alikuwa akihutubia taifa moja kwa moja kwenye televisheni matokeo ya uchaguzi wa serikali za mitaa yalipotangazwa. Wasichana wanne waliinuka, wakasimama mbele yake wakiwa wamempa mgongo, wakaelekeza nyuso zao kwa kamera. Hawakusema kitu. Kila mmoja alishika karatasi. Ya mmoja ilikumbusha kwamba miaka 10 imepita, ya mwingine ilimtaja Khwezi, na ya mmoja ilikuwa na neno moja tu, kwa herufi kubwa: KHANGA.